Nani Alilipwa kwa Kuwika Kama Jogoo? Jinsi Wataalamu Wanavyoisoma Drama ya Awali ya Uingereza

Msomaji wa Kiswahili aliyekutana na Shakespeare kupitia Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, au kupitia Makbeth na Tufani za S. S. Mushi, mara nyingi hubaki na picha moja kichwani: kwamba drama ya Uingereza ilianza na mtu huyo mmoja, na kwamba kabla yake hapakuwa na kitu ila mahubiri kanisani na vichekesho sokoni. Picha hiyo huzaa nyingine. Kila unapozuka mjadala kuhusu iwapo Waafrika walikuwa na drama kabla ya ukoloni, hatakosekana mtu wa kuuliza, “Maandishi yake yako wapi?”, kana kwamba Waingereza wenyewe wangeweza kulijibu swali hilo kuhusu drama yao ya karne ya 14 na ya 15. Hawawezi. Sehemu kubwa ya michezo iliyochezwa katika miji na vijiji vyao haikuacha mstari hata mmoja wa mazungumzo. Kilichobaki ni hesabu za matumizi, maagizo ya madiwani na mashauri ya mahakamani. Vitabu vya kitaalamu kuhusu drama hiyo vinavutia, na pia vinachanganya, kwa sababu hiyo hiyo.

Tutenganishe maneno kwanza. Tamthilia, katika makala haya, ni maandishi yenye mazungumzo ya wahusika, kitu unachoweza kukishika mkononi na kukisoma. Onyesho ni tukio lenyewe, watu wakicheza mbele ya watu, na tukio hilo likiisha limekwisha. Drama ni jina la vyote viwili kwa pamoja. Drama ya awali, kwa wataalamu wengi, ni ile ya tangu Enzi za Kati hadi mwaka 1642, Bunge lilipofunga kumbi za michezo za London wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaanza. Nayo historia ya jamii ni ile inayoacha kuuliza mfalme alifanya nini, ikauliza mwoka mikate, mjane na kibarua waliishi vipi, walilipwa nini na waligombana kwa sababu gani.

Sasa chukulia harusi. Miaka 20 baadaye kuna anayehifadhi hotuba ya baba wa bibi harusi neno kwa neno, na kuna aliyebaki na daftari la mweka hazina wa kamati, ambamo kila mchango umeandikwa pamoja na gharama ya pilau, mapambo na mpiga picha. Hotuba itakueleza yaliyosemwa, lakini haitakuambia mchele ulipungua. Daftari litakueleza kwamba mchele uliongezwa saa nane mchana, lakini halijui baba alilia alipofika katikati ya maneno yake. Kisha anatokea mtu wa tatu, anasoma vyote viwili na kuandika kwa nini upande mmoja wa ukoo ulikaa mbele na mwingine nyuma. Vitabu vya drama ya awali viko hivyo: kuna vinavyohariri tamthilia zilizosalia, kuna vinavyochapisha hesabu na kumbukumbu, na kuna vinavyofasiri. Wasomaji wengi huchanganyikiwa kwa sababu wanamdai mweka hazina awape hotuba.

Tulifungue daftari lenyewe. Katika mji wa Coventry, chama cha wahunzi kilikuwa na wajibu wa kuonyesha mateso na kifo cha Yesu. Hesabu zao za mwaka 1573 zinaonyesha kwamba mtu mmoja aliyeitwa Fawston alilipwa peni 4 kwa kumnyonga Yuda, na peni 4 nyingine kwa kuwika kama jogoo, yule jogoo wa Petro. Mwaka 1490, wahunzi hao hao walimlipa aliyeigiza nafasi ya Mungu shilingi 2, na aliyeigiza Herode shilingi 3 na peni 4. Shilingi moja ilikuwa na peni 12, kwa hiyo Herode alimzidi Mungu kwa peni 16. Mtu mwepesi wa hukumu atasema hawa hawakuwa na imani. Lakini huenda malipo yalifuata kazi: Herode alikuwa mhusika wa makelele na hasira. Chama kingine cha Coventry, cha wauza vitambaa, kiliandika kwamba kililipa peni 5 kwa kuutia moto ulimwengu, kwa maana onyesho lao lilikuwa Hukumu ya Mwisho na ulimwengu uliochorwa ulipaswa kuungua mbele ya watazamaji.

Hiyo “wajibu wa kuonyesha” inahitaji maelezo. Katika miji kadhaa ya Uingereza, hadithi yote ya wokovu, tangu uumbaji hadi siku ya mwisho, iligawanywa katika michezo mifupi na kila mchezo ukakabidhiwa chama cha mafundi. Huko York michezo hiyo ilichezwa siku ya Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, ile ambayo Wakatoliki wa kwetu wanaijua kwa maandamano ya Ekaristi mitaani. Waunda meli wa York walijenga safina ya Nuhu, waoka mikate wakaonyesha Karamu ya Mwisho, na watengeneza pini wakapewa kusulubiwa kwa Yesu, kazi ya kupigilia misumari. Kila mchezo ulikuwa juu ya mkokoteni wake, uliokokotwa kutoka kituo hadi kituo, na wachezaji walitakiwa kuwa tayari kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri. Habari za mikokoteni hii zinaanza kuonekana katika nyaraka za York mwaka 1376. Mswada wa tamthilia zenyewe, wenye michezo 47, ulinakiliwa kati ya miaka ya 1460 na 1470, karibu karne nzima baadaye. Anayesoma mswada huo peke yake anasoma sura moja ya mwisho ya jambo lililokuwa limebadilika mara nyingi kabla ya kuandikwa.

Wataalamu wa kwanza hawakuliona hilo kuwa tatizo kubwa. Mwaka 1903 E. K. Chambers, ambaye kwa ajira alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya elimu, alitoa juzuu mbili za The Mediaeval Stage, kazi ambayo mpaka leo huwezi kuikwepa. Humo alikusanya habari nyingi kuliko yeyote aliyemtangulia, lakini alizipanga kwa namna ya mti unaokua: mbegu ni wimbo mfupi wa Kilatini wa Pasaka kuhusu kaburi la Yesu, kisha mchezo unarefuka, unatoka altareni hadi mlangoni, unatoka mlangoni hadi uwanjani, unaacha Kilatini, unaacha mapadri, na mwishowe unachanua katika London ya Shakespeare. Ni simulizi tamu, na kwa sababu ni tamu imedumu vitabuni hata baada ya wataalamu kuiacha. O. B. Hardison aliishambulia katika kitabu chake cha 1965 kwa hoja ambayo, ukiisikia, unashangaa haikusemwa mapema: baadhi ya tamthilia ndefu na tata ni za zamani kuliko zile fupi na nyepesi zilizodaiwa kuwa mbegu zake. Mti hauwezi kuwa na matunda kabla ya mche. Isitoshe, michezo ya kanisani kwa Kilatini haikukoma ile ya mitaani ilipoanza. Ziliendelea sambamba, kama vile kwaya ya parokia na taarab ya mtaani zinavyoweza kuwepo katika mji mmoja bila hata moja kuwa mzazi wa nyingine.

Katikati ya miaka ya 1970 kundi la watafiti wenye makao yao Toronto, Kanada, liliamua kufanya kazi ambayo kwa mtazamo wa kwanza ni kavu kuliko zote: kusoma hati zote zilizosalia, mji kwa mji na kaunti kwa kaunti, na kuchapisha kila sentensi inayotaja mchezo, muziki au burudani ya hadharani hadi mwaka 1642. Mradi huo hujulikana kwa kifupi chake, REED, yaani Records of Early English Drama. Juzuu zake za kwanza, za York, zilizohaririwa na Alexandra F. Johnston na Margaret Rogerson, zilitoka mwaka 1979. Tangu hapo zimefuata nyingine nyingi, vitabu vizito vya jalada jekundu ambavyo ukivifungua ukitafuta hadithi utavifunga upesi. Havina hadithi. Vina malipo, faini na malalamiko, katika tahajia za wakati ule, na tafsiri za yale ya Kilatini mwishoni.

Lakini vilibadilisha ramani nzima. Ile michezo mikubwa ya mikokoteni, iliyokuwa ikielezwa kana kwamba ndiyo iliyokuwa drama ya Enzi za Kati, ilionekana kuwa jambo la miji michache. Jambo la kawaida lilikuwa jingine: parokia inapika pombe na kuandaa mchezo ili kupata fedha za kukarabati paa la kanisa. Huko Kingston upon Thames, mwanzoni mwa karne ya 16, wazee wa kanisa waliandika katika hesabu zao mapato yaliyotokana na shughuli za Robin Hood, ambapo kijana aliyevaa kama jambazi huyo mashuhuri alizunguka na wenzake wakikusanya michango. Sisi tungeiita harambee, na hatungekosea sana.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kuwa mwangalifu, kwani daftari halijielezi. Karani aliyeandika kwa Kilatini alitumia neno ludus, na neno hilo lingeweza kuwa mchezo wa kuigiza, mashindano ya mieleka, au burudani yoyote ya kijiji. Msemaji wa Kiswahili anaielewa shida hii kuliko Mwingereza wa leo. Mtafiti wa miaka 500 ijayo akiokota daftari la Dar es Salaam lenye maneno “Jumamosi, mchezo, 20,000”, atajuaje kama mwenye daftari alikwenda uwanjani kuangalia mpira, alikwenda kutazama maigizo, au alitoa zamu yake ya upatu na wanawake wenzake? Ndivyo ilivyo pia kwa neno histrio, ambalo vitabu vya zamani vililitafsiri bila kusita kuwa mwigizaji, lakini hati nyingi zinalitumia kwa mpiga ala. Mhariri mzuri huliacha neno lilivyo na kukuambia limeandikwa na nani, wapi, na kwa fedha ya nani.

Zaidi ya hapo, karatasi huandika fedha na ugomvi, na mengine huyaacha. Mchezo uliochezwa bure, bila mtu kukasirika, umepotea. Tunaujua mchezo wa kijiji uliofanyika South Kyme, Lincolnshire, mwaka 1601, kwa sababu tu Talboys Dymoke na wenzake walimdhihaki humo bwana mkubwa, Earl wa Lincoln, naye akawapeleka katika mahakama ya Star Chamber. Asingekuwa na hasira, tusingekuwa na habari.

Tofauti hii kati ya kilichochezwa na kilichoandikwa inatuhusu hata sisi. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, aliandika kwamba, tofauti na Ulaya Magharibi na Asia, drama barani Afrika si aina iliyoenea wala kukomaa. Kauli hiyo imejibiwa mara nyingi na wataalamu wa Afrika, na wengi wamejibu kwa kutetea jando, ngoma na maigizo ya matanga. Mimi naona jibu jepesi zaidi lipo katika majuzuu mekundu. Kipimo kilichotumika kiliichukua Ulaya kama bara la tamthilia zilizoandikwa, ukumbi na watazamaji walioketi kimya, ilhali katika kaunti nyingi za Uingereza, kwa karne kadhaa, drama ilikuwa ni kijana aliyejipaka masizi, chungu cha pombe na sahani ya michango. Kwa kipimo hicho hata Uingereza ingefeli.

Tukirudi York, kuna fumbo moja ambalo linaonyesha jinsi hesabu na tamthilia zinavyogombana. Michezo ilikuwa 47 na vituo vilikuwa kama 12. Fikiria daladala 47 kwenye barabara nyembamba isiyo na nafasi ya kupitana, kila moja ikitakiwa kusimama katika kila kituo mpaka mchezo wake umalizike. Ile yenye mchezo mfupi itakwama nyuma ya ile yenye mchezo mrefu, na foleni itazidi kila inaposogea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Alan Nelson alipiga hesabu na kusema haiwezekani ndani ya siku moja; pengine mikokoteni ilipita tu mitaani na michezo yenyewe ikachezwa mara moja, ndani ya ukumbi, mbele ya meya. Wakati huo huo ikapatikana hati ya mwaka 1433 ya chama cha wafanyabiashara wakubwa wa York, inayoorodhesha kila kilichokuwa juu ya mkokoteni wao wa Hukumu ya Mwisho: magurudumu manne, kinywa cha Jehanamu, kiti cha chuma cha kumpandisha Mungu mbinguni, na malaika tisa wadogo waliopakwa rangi nyekundu, pamoja na kamba ndefu ya kuwafanya wakimbie huku na huku juu. Mtu hatengenezi malaika wa kukimbia kwa kamba ili apite nao tu barabarani. Ubishi haukuisha kwa maneno. Mwaka 1998 makundi mbalimbali yalikutana Toronto na kuicheza michezo yote kwa siku moja, katika vituo vinne, kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane. Vinne si 12, na hoja haijafungwa, lakini neno “haiwezekani” limepungua makali.

Je, michezo hii ilisema nini kuhusu jamii yenyewe? Mervyn James, katika makala yake ya 1983 ambayo kila anayeandika baadaye hana budi kuijibu, alidai kwamba sherehe hiyo iliufanya mji uonekane kama mwili mmoja: kila chama ni kiungo, kila kiungo kina cheo chake, na mashindano kati yao yanapata njia ya amani. Ni fasiri yenye nguvu, na jina lenyewe la sherehe linaisaidia. Lakini mwaka 1419, siku hiyo hiyo takatifu, maseremala na washona viatu wa York waliwavamia watengeneza manyoya katika maandamano na kuzivunja taa zao kwa virungu na mashoka. Halmashauri ya York, mwaka 1476, iliamuru wachezaji wapimwe kwanza na wajuzi wanne, na asiyefaa kwa sauti au umbo aondolewe. Vyama vidogo vililalamika kwamba mchango wa mkokoteni unawaelemea. Mwili mmoja, ndiyo, lakini wenye viungo vinavyodaiana. Mimi humwamini James zaidi pale anapoeleza wakubwa wa mji walitaka nini, kuliko pale anapoeleza watu wote walihisi nini.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba michezo hii ilikufa kwa sababu watu waliichoka na kuhamia kwenye kitu bora. Tarehe zinakataa. York walicheza kwa mara ya mwisho mwaka 1569, Chester 1575, Coventry 1579, na katika miaka hiyo hiyo viongozi wa Kanisa la Kiprotestanti walikuwa wakiyaona mambo haya kuwa mabaki ya Ukatoliki. Meya wa Chester, Sir John Savage, aliitwa kujieleza mbele ya Baraza la Malkia kwa kuruhusu michezo ya 1575. Watu wa York walimwomba meya wao mwaka 1580 michezo irudishwe, haikurudi. Nakala kamili za michezo ya Chester tulizonazo ziliandikwa baada ya 1590, na watu waliokuwa wakinakili kitu ambacho hakikuruhusiwa tena kuchezwa. Anayechoka na kitu hakinakili. Vivyo hivyo husemwa kwamba wanawake hawakuigiza kamwe kabla ya 1660. Ni kweli kwa majukwaa ya kulipwa ya London. Si kweli kwa nchi nzima, maana katika orodha za Chester mchezo wa Bikira Maria kupalizwa mbinguni uliandikwa kuwa ni wa wake wa mji.

Kuhusu London yenyewe nitakuwa mfupi, kwa kuwa ndiyo sehemu inayojulikana zaidi. Sheria ya 1572 iliwaweka waigizaji wasio na mlezi mwenye cheo katika kundi moja na wazururaji. Miaka minne baadaye James Burbage alijenga ukumbi huko Shoreditch, na biashara ikaanza. Nani aliingia? Thomas Platter, msafiri Mswisi aliyefika mwaka 1599, aliandika kwamba peni 1 ilikupa nafasi ya kusimama, peni ya pili kiti, na ya tatu mto wa kukalia. Alfred Harbage, mwaka 1941, aliiona peni hiyo kuwa ndogo na kuhitimisha kwamba ukumbi ulijaa mafundi na vibarua. Ann Jennalie Cook, mwaka 1981, akasema la: maonyesho yalikuwa mchana wa siku za kazi, na kibarua hana mchana wa kupoteza. Andrew Gurr alikuja 1987, akakusanya ushahidi wa watu waliotajwa kwa majina kuwa walikwenda, na kuonyesha mchanganyiko uliobadilika kutoka ukumbi hadi ukumbi na mwongo hadi mwongo. Harbage alihesabu bei, Cook alihesabu saa, Gurr alihesabu watu.

Na kuna hatari ya mwisho, nayo ni daftari lenyewe kuchezewa. Daftari la Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose, linalohifadhiwa Chuo cha Dulwich, lilipitia mikononi mwa mtaalamu mmoja, John Payne Collier, katika karne ya 19, naye akaongeza humo maneno ya kughushi. Ndiyo maana toleo la kitaalamu hukuonyesha mstari upi ni wa Henslowe na upi si wake. Coventry walipata pigo la aina nyingine. Mwaka 1879 moto uliteketeza maktaba ya Birmingham, na ndani yake hati nyingi za michezo ya Coventry. Kilichobaki ni kile ambacho wapenzi wa mambo ya kale walikuwa wamekinakili kabla, hasa Thomas Sharp katika kitabu chake cha 1825. Sharp alikuwa na hesabu nyingi mbele yake na nafasi kidogo, akachagua cha kunakili. Peni 4 za jogoo akazinakili.